Ulitoka chumba cha mtihani unacheka, matokeo yakakuliza. Au kinyume chake. Tulizungumze hili

MWANZISHA UZI

Wakuu, salaam.

Nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi. Kila matokeo yakitoka napokea ujumbe unaofanana: "Mwalimu, hapa pana kosa. Hili ndilo somo nililokuwa na uhakika nalo." Mtu alijihesabia A, kaletewa D. Wapo na wa upande wa pili, ila hao huwa hawaandiki. Alitoka chumbani machozi yanamlengalenga, akawaambia wazazi wasitegemee kitu, na somo hilohilo ndilo lililombeba.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona vijana wanaumia mara mbili. Wanaumizwa na alama, halafu wanaumizwa na kutojua zimetoka wapi. Mimi nasema hivi: ile hisia unayotoka nayo mlangoni ni mizani mbovu, na ubovu wake una mwelekeo. Ukiujua mwelekeo wake, mshtuko unapungua sana.

Nianze na kijitabu kimoja cha majibu ambacho siwezi kukisahau. Msichana alikuja nacho mkononi. Swali la 4, alama 12: "Jadili sababu na athari za mmomonyoko wa udongo." Alikuwa ameandika sababu saba, kila moja na namba yake, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula, mwandiko umetulia. Ukurasa mzima na robo. Athari hakuna hata moja. Mwongozo wa usahihishaji ulisema sababu alama 6, athari alama 6. Alipata 5, maana sababu nyingine alizitaja tu bila kuzieleza.

Kabla sijasema chochote nikamuuliza ni swali gani alilijibu vizuri kuliko yote. Akaweka kidole hapohapo. "Hili, mwalimu." Wala hakuwa anasema uongo. Siku ile kalamu yake haikusimama, kila alichokisoma kuhusu sababu kilitoka, na moyo wake ukauandika ule mtiririko kama alama. Nikamwomba alisome swali kwa sauti. Alipofika kwenye "na athari" sauti ikakatika. Tulikaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Nilikuwa nazijua, mwalimu. Athari nilikuwa nazijua zote."

Hapo ndipo wengi wanapoachia alama. Wanapima walichokiandika, na msahihishaji anapima walichoulizwa. "Taja", "eleza", "linganisha", "jadili" na "tathmini" ni kazi tano tofauti. Nimewahi kuona mtu kajaza kurasa mbili kwenye swali la "taja" lenye alama 2, akakosa muda wa swali la alama 15. Alitoka anajisifu kwamba ameandika sana.

Lakini mzizi wenyewe uko nyuma zaidi, kwenye namna tunavyosoma. Ukiupitia ukurasa mara ya nne, macho yanateleza, kila sentensi unaijua inakokwenda. Unafunga daftari umeridhika. Ulichokifanya hapo ni kutambua. Mtihani haukuletei ukurasa uutambue, unakuletea karatasi tupu ukumbuke. Haya ni mambo mawili tofauti, na kwa ndani yanafanana kiasi kwamba hata mtu mwenye akili nyingi huyachanganya.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, mjini St. Louis, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila linachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, wale waliokuwa wakijijaribu walikuwa na 61. Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani wiki ikipita, waliojiamini zaidi ni wale waliorudia kusoma. Yaani waliokwenda kuanguka ndio waliokuwa na amani.

Sasa pima mwenyewe. Usiku wa kuamkia mtihani umepiga msuli, umepitia kila kitu, unajisikia umeshiba. Utashindwaje kushangaa matokeo?

Nawasikiliza. Leteni na ya kwenu.

MCHANGIAJI 1 (mwanafunzi wa chuo)

Mkuu heshima yako, ila naona umewaonea huruma wasahihishaji wenzako. Mimi nilijihesabia 75, nimepata 44. Haya mambo ya hisia nayaelewa, lakini pengo la alama 31 siyo hisia. Kuna watu wanasahihisha usiku wamechoka, kuna kurasa zinarukwa, kuna kujumlisha vibaya. Tuseme ukweli wote.

MWANZISHA UZI

Uko sahihi kudai ukweli wote, mdogo wangu, na 44 inauma. Pole sana.

Usahihishaji una makosa na haya si ya kuficha. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott huko Marekani walichukua majibu ya mwanafunzi yaleyale, wakayatuma kwa walimu wengi wa Kiingereza wayasahihishe kila mmoja kivyake. Alama zilizorudi zilipishana kwa makumi. Watu wakasema lugha ndivyo ilivyo. Basi wakarudia kwa jiometri, na huko nako zikapishana kwa makumi.

Miongozo ya usahihishaji ya leo ilizaliwa na aibu za namna hiyo, na imesaidia sana, ila haijalimaliza tatizo. Mamlaka ya mitihani ya Uingereza, Ofqual, ilichapisha mwaka 2018 hesabu za uwezekano wa mtahiniwa kupata daraja lilelile ambalo angepewa na msahihishaji mkuu. Hisabati ilikuwa karibu 0.96, yaani 96 kwa mia. Somo linalounganisha lugha na fasihi ya Kiingereza lilikuwa karibu 0.52. Kwa hiyo kwenye insha ndefu mtu aliye mpakani mwa madaraja mawili anaweza kuangukia upande wowote, na msahihishaji asiwe amefanya uzembe wowote.

Mashine nazo hukosea. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo huko Marekani, wa Oktoba 2005, karatasi za majibu zilipata unyevu, mashine ikazisoma vibaya, na zaidi ya watahiniwa 4,000 wakapewa alama pungufu. Waliambiwa Machi 2006, wakati maombi ya vyuo yameshapelekwa. Na mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya korona, England ilitumia hesabu za kompyuta kurekebisha makadirio ya walimu wa A-level. Karibu asilimia 39 ya madaraja yakashushwa chini ya makadirio yale. Yalitangazwa tarehe 13 Agosti, vijana wakaingia barabarani, na tarehe 17 serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu.

Kwa hiyo kama una haki ya kuomba karatasi ipitiwe upya, iombe, na usiombe ruhusa ya mtu kuitumia haki yako. Angalia tarehe ya mwisho leo hii, maana dirisha hilo huwa fupi. Uliza pia kama alama zinaweza kushuka baada ya mapitio, kwa sababu mahali pengine zinashuka.

Lakini nakuomba jambo moja kabla hujajaza fomu. Kaa na karatasi ya maswali, bila daftari, uandike upya majibu uliyotoa siku ile, kama yalivyokuwa, hata yale ya kubabaisha. Kisha tafuta mwongozo, au mwalimu wa somo, ujisahihishe kwa ukali. Ukipata 70, pigana, na mimi nitakuwa nyuma yako. Ukipata 46, utakuwa umejua ukweli bila kusubiri wiki sita.

MCHANGIAJI 2

Mimi ni wale "wasioandika". Nilitoka kwenye pepa ya hisabati nimekata tamaa kabisa. Nilifanya kosa la kusimama nje kusikiliza watu. Matokeo yamekuja nimeongoza darasa. Siku zote tatu za kusubiri pepa iliyofuata sikula vizuri, na pepa hiyo niliifanya nikiwa nalia ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo niliyofeli.

MWANZISHA UZI

Dada, umenigusa, kwa sababu hili limenikuta mwenyewe nikiwa sekondari.

Swali lilikuwa la sarafu. Inarushwa mara tatu, kuna uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara mbili. Nikaandika nusu. Tulipotoka, kinara wetu akasimama katikati ya watu na kusema kwa sauti jibu ni 3/8. Wote wakaitikia, na mimi miguu ikaisha nguvu. Nikajihesabia kufeli swali lile na mengine mawili yaliyofanana nalo. Baadaye ndipo ikaja kujulikana kwamba 3/8 ni jibu la "mara mbili tu". Angalau mara mbili inajumlisha na kupata vichwa vitatu, na hapo ndipo nusu inapotokea. Kinara aliliruka neno "angalau". Sisi tuliofuata sauti yake tulikuwa tumelisoma vizuri.

Ule mkutano wa mlangoni ni soko la kujiamini. Anayesikika ni mwenye sauti, na sauti haina uhusiano na usahihi. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba robo ya chini ya wanafunzi, ambao kwa wastani walikuwa nafasi ya 12 kwa mia kutoka chini, walijiweka nafasi ya 62. Robo ya juu nao walijishusha kidogo. Wapo wataalamu wanaosema sehemu ya tofauti hiyo ni hesabu tu, kwamba aliye chini kabisa akikosea kujikadiria hana pa kwenda ila juu, na naona wana hoja. Hata hivyo nimeyaona kwa macho darasani. Anayejua sana anaona mashimo kwenye jibu lake, anakumbuka kipengele alichokisahau, ndiyo maana anatoka amenuna. Asiyejua hana anachokiona kimepungua.

Kuna na sababu nyingine ya pepa ngumu kuleta daraja zuri. Katika mifumo mingi mipaka ya madaraja hupangwa baada ya kuona watahiniwa wote wamefanyaje. Mtihani ukiwa mgumu, mpaka unashuka. Ukiwa rahisi, unapanda, na hapo makosa mawili ya haraka yanakutoa kwenye A. Ndiyo sababu "ilikuwa nyepesi" ni habari ya kukutia wasiwasi kidogo.

Kwa mliobakiza mitihani: ukitoka, tembea. Usisimame. Jibu limeshaondoka mikononi mwako, kilichobaki mikononi ni pepa ya kesho.

MCHANGIAJI 3

Mwalimu, mimi nataka kuuliza kuhusu kubadilisha majibu. Kwenye maswali ya kuchagua, nikibadilisha huwa najuta. Nimejiwekea sheria: jibu la kwanza haliguswi.

MWANZISHA UZI

Sheria hiyo ivunje leo, ndugu yangu. Inakugharimu.

Mwaka 2005 Kruger huyohuyo na wenzake, Derrick Wirtz na Dale Miller, walichambua vijitabu 1,561 vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois wakihesabu mahali palipofutwa jibu. Katika kila majibu 100 yaliyobadilishwa, 51 yalitoka kwenye kosa kwenda sahihi, 25 yalitoka sahihi kwenda kosa, yaliyobaki yalitoka kosa kwenda kosa jingine. Kubadilisha kwa sababu ulizoziona kunalipa mara mbili ya kunavyokugharimu.

Unajuta kwa sababu lile ulilolifuta lilikuwa mkononi mwako, na kilichokuponyoka mkononi kinauma kuliko ambacho hukuwahi kukishika. Yale uliyoyaokoa kwa kubadilisha huyakumbuki hata moja. Kwa hiyo kumbukumbu yako ya mtihani nayo imekaa upande mmoja, na ndiyo unayoitumia kujikadiria.

MCHANGIAJI 4 (mzazi)

Mwalimu, nimesoma uzi wote. Mwanangu kapata chini sana ya alichotuambia, na chini ya walivyotabiri walimu wake. Siku tatu hatoki chumbani. Baba yake anasema alikuwa anatudanganya muda wote. Mimi sijui nimwambie nini.

MWANZISHA UZI

Mama, pole. Nakujibu kwa uangalifu kwa sababu hapa kuna mtoto.

Kwanza, kukosea kujikadiria na kudanganya tuvitenganishe: msichana wangu wa sababu saba hakudanganya, na uwezekano mkubwa mwanao pia hakudanganya. Aliwaambia alichokiamini. Walimu wenyewe hukosea kutabiri. Gill Wyness wa University College London alipitia mwaka 2016 utabiri wa walimu kwa waombaji wa vyuo Uingereza, akitazama masomo matatu bora ya kila mmoja. Ni asilimia 16 tu waliopata kile hasa walichotabiriwa, na asilimia 75 walikuwa wametabiriwa zaidi ya walichopata. Hao ni walimu wanaowafundisha kila siku. Tafadhali mwonyeshe baba yake aya hii.

Pili, leo usimuulize "ilikuwaje". Hilo swali ana nalo kichwani siku tatu na hana jibu. Mpelekee chakula, kaa naye, na umwambie wazi kwamba unaamini alikuwa anasema kweli. Mtoto aliyepata alama mbaya anaweza kuinuka. Aliyeonekana mwongo kwa wazazi wake anapata kazi ngumu zaidi. Na ukiona analala vibaya, hataki kula, au anatamka maneno ya kukata tamaa na maisha, usisubiri, mtafutie mtu wa afya wa kuzungumza naye mara moja, na msimwache peke yake.

Karatasi na mapitio vitafuata akishatoka chumbani. Yeye ndiye atakayevifungua.

MCHANGIAJI 4 (mzazi)

Asante sana. Nimemwambia. Hajanijibu ila amekula.

MCHANGIAJI 1 (mwanafunzi wa chuo)

Wakuu, narudi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikutaka kukaa na ile karatasi.

Nimekaa nayo jana usiku. Nimeandika upya kila jibu kama nilivyolikumbuka, mwanafunzi mwenzangu aliyefaulu akanisaidia kusahihisha. Nimejipa 48. Hata alama 50 haifiki. Swali la 2 nililolihesabia 18 kati ya 20 nimejipa 9, kwa sababu lilisema "linganisha" na mimi nimeeleza nadharia ya kwanza, nikaeleza ya pili, nikaondoka. Hakuna mahali nimeziweka pamoja. Swali la 7 bado nalipigania, sioni kwa nini nilipwe chini ya 10, na ninaomba lipitiwe.

Halafu nikafanya jambo jingine. Nimechukua mtihani wa mwaka juzi, nikaufanya kwa saa, na kabla ya kusahihisha nikaandika juu ya karatasi ninachokitarajia: 60. Nimepata 51. Leo asubuhi nimerudia na mwingine. Nimeandika 55, nimepata 53.

MWANZISHA UZI

Kutoka pengo la 31 hadi la 2, ndani ya siku chache. Nimefurahi mno, na sizungumzii alama zenyewe.

Endelea kuandika ile namba juu ya karatasi kila mara kabla ya kusahihisha. Na fomu ya mapitio ijaze leo, usiiache ikapitwa na tarehe. Lile swali la 7 liweke hapa, swali lenyewe na jibu ulilotoa neno kwa neno. Usilipambe. Tulitazame pamoja.